Rangi Unayoipenda na Kumbukumbu Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wateja, jamaa na vijana wa skuli huniuliza kuhusu rangi: kwa nini hii inanituliza, kwa nini ile inanitia huzuni, nifanye nini na kanga ya marehemu mama. Mimi ni muuza kanga na vitambaa hapa Chake Chake, Pemba. Nimejibu kwa ninayoyaona dukani na nyumbani, na pale penye mambo ya macho au ya historia nimeandika yanayojulikana. Majibu mengine ni marefu kwa sababu mambo yenyewe hayasemeki kwa ufupi.

Kwa nini mtu anapenda rangi moja na kuiacha nyingine?

Mara nyingi ni kwa sababu ya mtu au kitu alichokiona nacho. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Stephen Palmer na Karen Schloss, walichapisha kazi iliyolipima jambo hili. Kundi moja la watu liliulizwa vitu gani vinawajia akilini wakionyeshwa rangi fulani, kundi jingine likaulizwa linavipenda vitu hivyo kiasi gani, kisha majibu yakalinganishwa na rangi ambazo watu wanazipenda. Rangi zilizokumbusha vitu vizuri ndizo zilizopendwa. Zilizokumbusha uchafu na vyakula vilivyooza ziliachwa.

Dukani naliona hilo kila siku. Mteja akisema nimpe ile ya manjano, nikamuuliza kwa nini ya manjano, hanijibu habari za rangi. Ataniambia dada yake aliolewa na kanga kama hii, au hii ndiyo mama aliyokuwa akiwabebea wadogo zake mgongoni. Kwa hiyo mtu akikuambia rangi anayoipenda, jua kuna mtu nyuma yake, na ukiwa na subira atakutajia jina.

Mbona wengi wakiulizwa hutaja buluu?

Si Zanzibar tu. Tafiti za nchi nyingi zinaiweka buluu juu, na sababu iliyo karibu ni kwamba mbingu safi na maji safi havimchukizi mtu. Kwetu kuna zaidi. Aliyekulia Paje au Nungwi, kule Unguja, anaijua buluu changa ya maji ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe, inayokaribia kijani jua linapokuwa utosini. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina kikubwa sana, na anayevua upande wa kisiwa kidogo cha Misali anaijua buluu iliyokoza mpaka karibu na nyeusi. Watu wawili watasema wanapenda buluu, na kila mmoja ana bahari yake.

Wapo pia wasioitaka kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iliyotoka Unguja kuja Pemba ilizama karibu na Nungwi, na hapa kisiwani nyumba nyingi zilipoteza watu. Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, hanunui kitambaa cha buluu iliyokoza tangu mwaka ule. Sikumuuliza. Alinieleza mwenyewe siku moja akisubiri mvua ikatike, na aliponieleza alikuwa ameshika ncha ya kitambaa bila kukitazama. Sasa nikimwona anaingia, naziondoa zile doti mezani kabla hajakaa. Nawaomba wauza nguo wenzangu wawafanyie hivyo watu wanaowajua.

Sina rangi ninayoipenda. Je, nina kasoro?

Huna. Kuna watu ambao kumbukumbu zao zinakaa kwenye sauti au kwenye ladha ya chakula. Usijilazimishe kutaja rangi ili uwe na jibu.

Wapemba wakizungumzia rangi ya karafuu, wanakusudia rangi gani?

Hapa nitakaa kidogo, maana watu wa nje wanadhani karafuu ni kahawia tu, kama wanavyoiona kwenye paketi.

Karafuu mtini huanza kijani, rangi moja na majani machanga. Inapokomaa kichwa kinajaa, kijani kinageuka kuwa cha manjano, kisha inaingia wekundu wa waridi. Hapo ndipo huchumwa, kabla ua halijafunguka, kwa sababu likishafunguka thamani yake inashuka. Mchumaji akiwa juu ya mkarafuu anasoma rangi hiyo shada kwa shada. Jioni karafuu zinamwagwa chini, familia inakaa kuzunguka na kuchambua, makonyo, yaani vijiti vya shada, upande huu na karafuu upande huu. Mikono inakuwa myeusi, inanata, na harufu yake haitoki kwa sabuni. Baada ya hapo zinaanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa. Waridi linapotea siku ya kwanza, zinapita kwenye wekundu mzito, halafu zinatulia katika ile kahawia ambayo dunia inaijua.

Kwa hiyo rangi ya karafuu ni safari nzima ya rangi, na kila mtu wa hapa amekamata kituo chake. Waliokuwa watoto wakati wa misimu mikubwa wanaipenda kahawia ya mwisho, maana karafuu kavu zikishapimwa na kuuzwa ndipo zinaponunuliwa nguo za sikukuu. Wengine wanalipenda lile waridi, kwa sababu linawarudisha kwenye kuchambua usiku, taa katikati, bibi akitoa hadithi na watoto wakisinzia juu ya chungu ya karafuu mbichi. Na kuna ambao baba au kaka yao alianguka kutoka mkarafuuni. Mikarafuu ni mirefu, na matawi yake hukatika ghafla. Kwao waridi hilo hilo ni rangi ya hofu, na wana haki nayo.

Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka Pemba, hasa tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja. Ndiyo maana swali hili likiulizwa Mjini Unguja linajibiwa kwa sentensi moja, na likiulizwa Wete au Konde huondoki mpaka chai iive.

Je, ni rangi inayoleta kumbukumbu au ni harufu?

Vinasaidiana, na mara nyingi harufu ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa njia ya harufu katika ubongo inapita karibu sana na sehemu zinazohifadhi hisia na kumbukumbu. Rangi inamfanya mtu asimame, harufu ndiyo inayomliza. Ndiyo sababu watu wanaziinua kanga za marehemu wakazinusa kabla ya kuzikunjua.

Kisutu kina nini hata watu wazima wakikiona wanabadilika sura?

Kisutu ni kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na mahali pake pa kwanza ni harusini. Karibu kila mwanamke wa hapa alikiona akiwa mtoto, amebanwa kati ya wakubwa mlangoni, akichungulia bi harusi aliyekaa kimya na somo wake, yaani kungwi, pembeni. Chumba kina moshi wa udi, kuna vikuba vya asumini na rehani, mikono ya bi harusi ina hina mpaka kwenye viwiko. Yote hayo yameingia ndani ya rangi tatu zile. Baadaye siku inafika ambapo kisutu ni chako wewe, na unaogopa, na unafurahi, na mama yako anakwepa macho yako ili asilie mbele za watu.

Mimi kisutu nilichovaa bado ninacho. Nyekundu yake imetulia, nyeusi bado kali. Binti yangu mkubwa alipoposwa alikuja kukiomba yeye mwenyewe kabla sijamwambia kitu, nami sijapata kusikia maneno yaliyonifurahisha kama yale.

Wateja huuliza kama ni lazima kiwe cha rangi hizo hizo, kwa kuwa sasa vinatoka vyenye machungwa, hata kijani. Si lazima. Lakini nikiulizwa mimi, nitasema chukua nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mtoto atakayechungulia mlangoni kwako anastahili kuona alichokiona bibi yake.

Bibi yangu hakutaka kaniki iingie nyumbani. Sababu yake ni nini?

Huenda hakukuambia kwa kuwa hata yeye alirithi chuki hiyo bila maelezo. Kaniki ni kitambaa cha pamba kilichotiwa nili mpaka kikakaribia weusi. Katika karne ya 19 kaniki na merikani, kile kitambaa kisichopaushwa kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani, ndizo zilizokuwa nguo za watumwa na za watu wa kazi ngumu. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na baada ya hapo wanawake wengi waliziacha nguo hizo, wakavaa kanga zenye rangi na maua, na wengine baadaye wakajifunika mabuibui kama walivyokuwa wakifanya mabibi wa majumba makubwa.

Kuvaa rangi kulikuwa ni kusema mimi ni wangu mwenyewe. Mwanamke aliyelelewa na mama aliyeyajua hayo hawezi kuiona kaniki kuwa ni kitambaa tu. Usimwite mkaidi. Na kama wewe unaipenda kaniki kwa sababu shangazi yako aliivaa shambani na alikuwa mtu mwema, hilo nalo ni sawa.

Na weusi wa buibui?

Huo kwa wengi ni mama. Mtoto akipotea sokoni au gatini, anatafuta buibui moja kati ya mabuibui yote, na analipata.

Nyeupe ni rangi ya furaha au ya msiba?

Zote mbili, na hazigombani. Kanzu ya Ijumaa, safu za watu katika maulidi, asumini kwenye nywele, ihramu ya anayehiji, na sanda. Mwislamu anaifahamu nyeupe kuanzia furaha yake mpaka kaburini kwake, hivyo haimtishi kama inavyoweza kuwatisha wengine. Wazee wengi wana pamba ya sanda imewekwa tayari sandukuni na wanaizungumzia kwa utulivu kabisa.

Kumbukumbu yangu mwenyewe ya nyeupe ni ya buluu. Alhamisi jioni mama alikuwa akisuuza kanzu za baba katika beseni lenye maji yaliyotiwa buluu ya kufulia kidogo. Pamba nyeupe huwa inaingia umanjano kadiri inavyofuliwa, na ule ubuluu unaufuta umanjano machoni, kanzu ikaonekana nyeupe zaidi. Sisi watoto tulikuwa tunagombania kutia ile buluu majini na kuitazama inavyosambaa.

Nikivaa kijani na manjano, au zambarau, watu wanasema nimetangaza chama. Nifanyeje?

Kijani na manjano ni rangi za CCM, na zambarau ni ya ACT-Wazalendo, na kila uchaguzi ukikaribia watu hapa wanasomana nguo. Hilo halifutiki kwa kukasirika. Lakini kijani kilikuwa cha Pemba kabla ya chama chochote: mikarafuu, minazi, mabonde ya mpunga, msitu wa Ngezi, hata njiwa wetu ninga ambaye hapatikani kwingine duniani ila hapa. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki kwa rangi hiyo. Na zambarau ni ndimi za watoto waliotoka kuokota zambarau chini ya mti, wakionyeshana nani amekoza zaidi.

Rai yangu ni kwamba rangi ya utoto wako usimwachie mtu. Chagua siku tu. Wiki ya uchaguzi vaa kitu kingine, usalama wako ni muhimu kuliko mtandio.

Wazee wanasema nguo nyekundu huita mashetani. Nimvalishe mwanangu?

Rangi yenyewe haina madhara yoyote kwa mtoto. Hofu hiyo inatokana na ngoma za uganga ambamo vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi kila kimoja kina kazi yake, na aliyeyaona hayo akiwa mdogo hayasahau. Kama mama mkwe wako anaogopa, mvalishe mtoto nyekundu kwako na umpeleke kwake na rangi nyingine. Hupungukiwi na kitu, na yeye anapata raha.

Hina ya sikukuu inanikumbusha bibi. Kwa nini haidumu?

Kwa sababu hina inatia rangi tabaka la juu la ngozi tu, na tabaka hilo linabadilika lenyewe. Kati ya wiki moja na tatu imeondoka. Binafsi napenda iwe hivyo, kuna furaha ya kuitazama ikififia kwenye kucha huku ukihesabu tangu Idi.

Piko jeusi ni jambo jingine. Mara nyingi ni rangi ya nywele yenye dawa kali, na wapo waliopata malengelenge na makovu, hasa watoto. Mtoto apakwe hina ya majani yaliyotwangwa, basi.

Bibi anasema rangi za siku hizi zimefifia. Anakumbuka vibaya?

Huenda anasema kweli kuhusu macho yake. Umri unaifanya lenzi ya jicho iingie umanjano, na mtoto wa jicho anaizidishia ukungu. Buluu na zambarau ndizo zinazopotea kwanza, nyeupe inakuwa ya maziwa ya zamani. Linakuja polepole mno hata mwenyewe hajui, akadhani ni vitambaa vimeharibika.

Mpelekeni akapimwe. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na wengi wakifunguliwa bandeji jambo la kwanza wanalosema ni kuhusu rangi. Nimemwona mzee wa jirani yetu akirudi kutoka hospitali, akasimama uani kwake akitazama kanga zilizoanikwa, akauliza ni za nani. Zilikuwa za mkewe, zile zile za kila siku.

Baba yangu hatofautishi nyekundu na kijani, lakini amechuma karafuu maisha yake yote. Inawezekanaje?

Kutotofautisha rangi hizo ni jambo la kuzaliwa nalo, na linawapata wanaume zaidi ya wanawake kwa kuwa linarithiwa kupitia kromosomu ya eksi. Si ugonjwa wala si upofu. Baba yako anatazama alama nyingine: kichwa kilivyojaa, mng'ao wake, na mwanga au kiza cha rangi hata kama hajui jina la rangi. Vidole navyo vinasaidia. Muulize rangi anayoipenda, wala usimtangulize kwa kudhani hana.

Nina kanga ya marehemu mama. Niitunzeje isipauke?

Kwanza amua kama ni ya kuvaa au ya kuweka. Mimi napendelea ivaliwe angalau mara moja moja, lakini kila mtu na moyo wake.

Kama ni ya kuvaa, ifue peke yake kwa maji baridi na sabuni laini, bila dawa ya kupaushia, na usiisugue. Anika kivulini, upande wa ndani uangalie nje, maana jua la kwetu ndilo linalokula rangi kuliko maji. Kama ni ya kuweka, hakikisha imekauka kabisa, ifunge ndani ya kitambaa cheupe cha pamba na siyo mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu wa masika ukifungiwa humo ukungu unaingia. Itoe kila baada ya miezi michache, ipigwe upepo, uikunje kwa mistari mingine ili isikatike mahali pamoja. Karafuu chache kwenye kitambaa kingine kando yake zinasaidia dhidi ya wadudu. Zisiiguse kanga yenyewe, mafuta yake yanaacha doa.

Ukihisi harufu yake itapotea ukiifua, usiifue. Hakuna haraka.

Nataka kuwauliza wazee wangu kuhusu rangi zao. Nianzeje?

Usiulize "Bibi, unapenda rangi gani?" Atakujibu "zote nzuri, mjukuu wangu," na mazungumzo yamekwisha. Uliza nguo ya sikukuu ya kwanza anayoikumbuka ilikuwaje. Uliza mlango wa kwao ulikuwa wa rangi gani, mkeka aliolalia ulikuwa na ukili gani, alivaa nini siku ya kwanza kwenda chuoni kusoma Kurani. Akina mama waliosuka watakueleza jinsi ukindu ulivyotiwa rangi: nyeusi kwa mizizi ya mdaa, na nyekundu na zambarau za unga wa dukani uliochemshwa kwenye sufuria kuukuu. Mpe kitu mkononi, kanga au kipande cha mkeka, kumbukumbu zinakuja upesi zaidi mikono ikiwa na kazi.

Kuhusu wajane walio katika eda, ngoja. Kwa miezi 4 na siku 10 mambo ya hina, wanja na nguo za kupendeza yamewekwa kando, na maswali haya yatamchoma. Atakapomaliza, mpelekee kitambaa na umwache achague mwenyewe.

Naishi ughaibuni na nataka chumba kimoja kiwe na rangi ya kuta za nyumba ya bibi. Nitaipataje?

Usitafute kwa picha ya simu. Kuta nyingi za zamani zilipakwa chokaa, na wengi walitia buluu ya kufulia kidogo ndani yake, kwa hiyo weupe wake ulikuwa wa ubaridi na usio na mng'ao. Rangi ya plastiki inayong'ara haitakupa hisia ile hata ikiwa ya jina hilo hilo. Omba rangi isiyong'ara, na kama kuna jamaa bado yuko kwenye nyumba ile, akutumie kibanzi cha ukuta uliobambuka ukapimishie dukani.

Halafu kuna suala la mwanga. Pemba iko kwenye nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, na jua linaingia nyumbani kwa ukali mwaka mzima. Chumba cha London mwezi wa Disemba hakina mwanga huo, na weupe wenye ubuluu utaonekana wa kijivu. Chagua ulio na joto kidogo zaidi ya ule unaoukumbuka, paka kipande cha ukubwa wa mkeka wa kuswalia, ukitazame asubuhi, adhuhuri na usiku taa zikiwashwa, kwa siku chache, kabla hujanunua ndoo nzima.